Umefika Ukurasa wa Ngapi?

Ukimuuliza Mtanzania aliyepita sekondari kitabu fulani kikoje, mara nyingi hajibu yeye, unajibu mtihani. Dhamira kuu ni nafasi ya mwanamke katika jamii. Mhusika mkuu ni duara. Mandhari ni ya kijijini. Mwandishi amefaulu kifani na kimaudhui, ila kuna mahali hakufaulu kwa sababu suluhisho alilotoa si la kudumu. Kila kitu kimo humo isipokuwa yule aliyesoma: alicheka wapi, alichoka wapi, ni ukurasa gani uliomfanya akifunike kitabu atoke nje apunge upepo.

Nayasema haya wakati hali hiyo inanilisha. Nina duka la stesheneri hapa Moshi mjini, na mtihani wa Novemba ukikaribia wanafunzi hupanga foleni kutoa kopi. Riwaya yenyewe haiji. Kinachokuja ni uhakiki wa riwaya, kopi iliyotolewa kwenye kopi mpaka herufi zimefifia, majibu yamepangwa hoja sita sita. Natoa kopi, napokea hela yangu, na watoto siwalaumu. Darasa zima likigombania nakala chache za kitabu, nani atabaki na muda wa kukipenda?

Ila kuna jambo moja shule ilitufundisha ambalo tunaendelea nalo hata baada ya kusahau tarehe zote za Mkutano wa Berlin: kwamba kitabu huzungumzwa kikishaisha. Umalize kwanza, uchambue, ndipo ufungue mdomo. Aliye katikati ya kitabu hana la kusema, anyamaze asubiri. Mimi naona ni kinyume chake. Maneno matamu kuliko yote kuhusu kitabu ni ya mtu aliye katikati yake, ambaye bado hajui kitaishia wapi, amekasirika na mtu ambaye baada ya kurasa hamsini atamhurumia, au amempenda mtu ambaye atamwaibisha.

Jumamosi jioni, nikishateremsha mlango wa duka, kibaraza cha nyuma huwa na watu. Siwezi kukiita chama. Hakina mwenyekiti, hakina katibu, na nadhani ndicho kikundi pekee katika mji huu kisicho na mchango wala daftari la marejesho. Majirani kwa muda mrefu walidhani ni vikoba, mmoja akaja kuomba kujiunga, akatuona tunabishana juu ya mtu ambaye hayupo duniani na hajawahi kuwapo, akaaga kwa adabu. Kuna chupa ya chai ya tangawizi, kuna chapati au ndizi za kuchoma kutegemea nani amepita wapi. Swali ni moja: umefika wapi? Atakayemmalizia mwenzake utamu kwa kumwambia mwisho wa kitabu, chapati za Jumamosi inayofuata ni juu yake. Fundi amelipa chapati nyingi kuliko sisi wote.

Tuanze na Sista, kwa sababu yeye ndiye hutikisa kibaraza. Ni nesi, na sasa hivi anasoma Rosa Mistika. Kila mtu hapa amewahi kuisikia riwaya hiyo. Euphrase Kezilahabi aliitoa mwaka 1971 akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, ikapigwa marufuku mashuleni kwa muda, kisha baadaye ikaruhusiwa na kuingia humo humo ilimokatazwa. Sista hakuisoma shuleni, aliisoma kwenye uhakiki. Kwa hiyo alikuwa na majibu yake yote kichwani (malezi mabaya, mmomonyoko wa maadili, ukali uliopitiliza) kabla hajakutana na Rosa hata mara moja.

Siku aliyofika pale Zakaria anapompiga binti yake kwa sababu ya barua ya kijana, alikuja kibarazani bila salamu. "Hawa wanaosema riwaya hii ni ya mmomonyoko wa maadili, walisoma kitabu gani? Mtoto amefanya nini? Amepata barua!" Anafanya kazi wodini, amewaona mabinti waliopigwa na baba zao, na hakutaka kusikia habari ya dhamira. Alitaka Zakaria akamatwe. Tukamsikiliza. Wiki kadhaa baadaye, Rosa akiwa ameshatoka nyumbani na kwenda chuo cha ualimu Morogoro, Sista huyo huyo alikuwa anamgombeza Rosa kama mdogo wake wa tumbo moja. "Sasa na wewe, uhuru ndiyo huu?" Akanyamaza kidogo, akasema ameanza kuogopa jinsi kitabu kinavyokwenda. Hajamaliza. Kila anayejua mwisho anamwangalia kwa huruma na kumimina chai.

Yale aliyoyasema siku ya barua, akishamaliza kitabu hatayasema tena. Atakuwa na busara zaidi, atasema kwamba Zakaria naye ni zao la kitu fulani. Itakuwa kweli, na itakuwa jibu zuri la mtihani. Lakini hasira ya siku ile ilikuwa kweli pia, na Kezilahabi aliipanga makusudi kwenye ukurasa ule ili msomaji aipate pale pale. Tungesubiri Sista amalize ndipo tumuulize, tungeikosa.

Mimi nipo na kitabu kingine, na kwa bahati nacho kimetoka Ukerewe, kisiwa kile kile cha Ziwa Victoria alikotoka Kezilahabi. Nasoma Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka cha Aniceti Kitereza, nimekianza wakati wa masika na kipupwe kimenikuta nacho. Historia ya kitabu hiki inanitia uchungu kila nikikishika. Kitereza alikikamilisha kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata wa kukichapa kwa lugha hiyo. Mwishowe akakaa akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikachapwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Alifariki 1981, nakala hazijamfikia mkononi. Ukikisoma polepole unajisikia kama unamlipa kitu.

Na polepole ndiyo kasi yake. Myombekere na mkewe hawajapata mtoto. Ndugu wa mume wanamsema mke, wakwe wanamchukua binti yao, na mume anakwenda kumwomba arudi. Wakwe wanamtoza pombe. Basi. Katika riwaya nyingine hiyo ingekuwa sura moja. Kwa Kitereza, mtu akienda ukweni unatembea naye njia nzima, unasalimiana na kila anayekutana naye, na salamu hazifupishwi. Ndizi zinaiva, zinakamuliwa, pombe inatengenezwa mbele ya macho yako kwa hatua zote. Kuna jioni nilisoma kurasa nyingi nikagundua kwamba kilichotokea ni watu kula na kulala. Nikaenda kulala mimi pia, nimeridhika.

Jumamosi moja Sista aliniuliza nimefika wapi, nikamweleza habari za pombe ya wakwe. Akakaa kimya kisha akasema: kisiwa kimoja, huku mwanaume anatafuta pombe ili arudishiwe mke, kule kwangu mwanaume anakunywa pombe na nyumba inabomoka. Sijasoma uhakiki wowote unaoviweka vitabu hivi viwili pamoja namna hiyo, ingawa pengine upo. Kitereza anaeleza dunia ambamo pombe ilikuwa ya ukoo. Ilikuwa na siku yake, sababu yake na wazee wa kuisimamia. Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944, mwaka mmoja tu kabla Kitereza hajaweka kalamu chini, anaeleza dunia ambamo pombe imekuwa ya mtu mmoja na mfuko wake. Wazo hilo lisingekuja kama kila mmoja wetu angekuwa amemaliza na kurudisha kitabu kabatini. Lilikuja kwa sababu vitabu vyote viwili vilikuwa wazi mezani siku moja, vimefunikwa kifudifudi kando ya chupa ya chai.

Meku, bila shaka, alikuwa na la kusema kuhusu pombe.

Meku ni mzee wetu, mstaafu wa ushirika, anayeshuka na daladala kutoka Kibosho na kofia yake ya siku zote. Vijana wote humwamkia kabla hajakaa. Ni mtu wa enzi ambazo kahawa ilisomesha watoto, na KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, anakitaja kama wengine wanavyotaja ukoo wao. Ukimwacha ataanza na mwaka 1933, kilipoanzishwa, na hamtatoka. Anachosoma ni Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera cha Petro Itosi Marealle, wa ukoo wa watawala wa Marangu, kilichotoka kwanza mwaka 1947. Nikisema anasoma, labda niseme anagombana nacho. Ana kalamu ya risasi. Pembeni mwa kurasa ameandika "si kweli", "hii ni ya Vunjo", "kwetu Kibosho sivyo", na mahali pamoja, kwa herufi kubwa, "NANI ALIKUAMBIA?"

Nampenda msomaji wa namna hii kuliko wote. Vitabu vya mila vikitufikia sisi wa mjini tunavipokea kama sheria: kumbe mababu walifanya hivi, kumbe Mchagga ni hivi. Meku havipokei hivyo. Anajua kwamba Marangu ni Marangu na Machame ni Machame, na kwamba mtu wa Uru akikusimulia harusi ya babu yake, mtu wa Rombo atacheka. Kwake kitabu ni mzee mwenzake aliyekuja kikaoni, anayestahili heshima na anayestahili kupingwa. Aliposikia habari za Myombekere alitikisa kichwa kwa kukubali. "Huyo angekuwa huku, angeshika isale, jani letu la kuombea msamaha, na debe la mbege, na mambo yangekwisha vile vile." Halafu akauliza kama pombe ya ndizi ya Ukerewe wanaitia ulezi kama mbege ya huku. Nikamsomea ukurasa. Alisikiliza kwa makini ya mtu anayekagua kazi, na mwisho akatoa hukumu kwamba watu wa kule wanajua ndizi, ila mbege hawajui.

Sasa Mwalimu. Anafundisha sekondari, somo lenyewe ni hilo hilo la fasihi, na anasoma Peponi. Ndiyo Paradise ya Abdulrazak Gurnah, riwaya iliyotoka mwaka 1994, ikaingia katika orodha fupi ya tuzo ya Booker mwaka huo huo, na ikangoja miaka 28 kuja nyumbani kwa Kiswahili. Ida Hadjivayanis aliitafsiri, Mkuki na Nyota wakaitoa mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupewa Nobeli. Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anachukuliwa na tajiri anayemwita ami yake, Aziz, na polepole anaelewa kwamba yeye ni rehani ya deni la baba yake.

Mwalimu alianza kwa kulalamika. Yusuf hafanyi kitu! Anapelekwa huku, anapelekwa kule, anatazamwa kwa uzuri wake, anakaa kimya. "Ningekuwa namsahihisha ningempa sifuri ya ushiriki," alisema. Sista akamjibu kwamba mtoto aliyewekwa rehani angeshiriki nini. Wakabishana mpaka giza likaingia. Lakini kilichotuwasha moto sisi wengine kilikuja baadaye kidogo, Mwalimu alipoingia sehemu ya pili. Hapo Yusuf anaachwa kwa mfanyabiashara anayeitwa Hamid, katika mji mdogo chini ya mlima mkubwa wenye theluji.

Fundi alisimama. "Ni hapa!"

Gurnah hautaji mji huo. Hilo halikutuzuia. Kwa wiki kadhaa kibaraza kiligeuka mahakama ya ardhi. Mwalimu, kwa ajili ya uchokozi tu, alisema inaweza kuwa Arusha. Meku alimtazama kwa muda mrefu. "Arusha kuna theluji gani?" Meru ni mlima, hatukatai, lakini haufunikwi na theluji ya kudumu, na mtu wa pwani anayefika mara ya kwanza asingeshangaa kiasi kile. Hoja ya pili ya Meku ilikuwa ya kihistoria. Riwaya inaonyesha miaka ya Mjerumani kuelekea Vita vya Kwanza, reli inasogea kutoka pwani, na reli ya Tanga ilifika Moshi kabla ya vita hiyo. Hoja ya tatu ilimpinga yeye mwenyewe, na akaitoa bila kuombwa: je, ni Moshi ipi? Kwa sababu boma la kwanza la Wajerumani lilikuwa kule juu, Old Moshi, mahali ambapo Mangi Meli, mtawala wa huko, alinyongwa tarehe 2 Machi 1900, na huu mji wetu wa chini ulikua ukiifuata reli. Kama Hamid alikuwa na duka karibu na njia ya misafara, lilikuwa juu au chini?

Nimeona watu wakisema kwamba kuutafuta mji halisi ndani ya riwaya ni usomaji wa kitoto. Sikubaliani nao. Riwaya za Kiswahili na za watu wetu zimejaa Zanzibar, Dar es Salaam, Mombasa, na mtu wa huku mlimani amezoea kusoma habari za bahari ambayo wengine hawajaigusa. Halafu mshindi wa Nobeli anapita na msafara, anauona mlima wako, anashangaa. Mtu akisimama na kusema "ni hapa", anatafuta mahali pa kukaa ndani ya kitabu. Mwache akae.

Fundi ameshapata pa kukaa, na si kwa sababu ya mlima peke yake. Katika mji ule kuna Kalasinga, mwenye gari na ufundi wake, anayetaka kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili ingawa Kiarabu chenyewe hakijui. Fundi wetu anatengeneza simu kwenye kibanda karibu na stendi, na hajawahi kusoma Gurnah hata mstari mmoja. Anamjua Kalasinga kwa kusimuliwa na Mwalimu tu, na tayari anamnukuu.

Yeye mwenyewe ni mtu wa kusisimuliwa. Alianza na Willy Gamba, mpelelezi wa Elvis Musiba, Kufa na Kupona ya mwaka 1974, nakala isiyo na jalada aliyoipata kwenye vitabu vilivyotandazwa chini kando ya barabara. Meku, akitaka kumtuliza, akamwazima Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla, ambamo mpelelezi ni Bwana Msa. Fundi alilalamika wiki nzima. Willy Gamba ameshapiga watu sita, Bwana Msa bado anavuta kiko na kufikiri! Wiki ya pili malalamiko yakapungua. Wiki ya tatu alikuja na nadharia yake ya muuaji, ameichora kwenye karatasi ya risiti, na haikuwa sahihi, na sote tuliojua tulikaza midomo kwa sababu ya sheria ya chapati.

Lakini chakula chake cha kila siku ni hadithi za kwenye simu, zile zinazotoka sehemu kwa sehemu. Mwandishi anatuma sehemu ya kumi na nne, inakatika mlango unapogongwa, na anayetaka ya kumi na tano atume hela kwanza. Mwalimu huzidharau. Kiswahili kibovu, anasema, na ni kweli, mara nyingi herufi kubwa na nukta huwa zimekwenda likizo. Mimi nimewahi kusoma chache kwa kuegemea bega la Fundi, na nyingi zinachosha: kila mwanamke ni "shombe shombe", kila mwanaume ana gari jeusi. Hata hivyo kuna jambo moja wasomaji wa hadithi hizi wanalijua kuliko darasa la Mwalimu. Wao hawana namna ya kumaliza. Wamewekwa katikati kwa nguvu, wote kwa pamoja, na katika siku zile za kusubiri wanabishana, wanatabiri, wanamtetea mhusika, wanamtukana mwandishi, na mwandishi anawasikia. Fundi anadai aliwahi kuona hadithi ikigeuzwa kwa sababu wasomaji walikataa mtu auawe. Shuleni, mwandishi ni mtu wa kuhakikiwa. Kule kwenye simu anaombwa asiue.

Wa mwisho kufika kibarazani huwa ni kijana wa mlimani, na wiki nyingine hafiki kabisa, yuko juu na wageni. Alianza kama mgumu, ndivyo wapagazi wanavyoitwa huko, sasa anaongoza watalii mwenyewe. Vitabu vyake vyote ni vya kuachiwa. Mgeni anapanda na riwaya nene ya Kiingereza, anadhani atapata muda, kisha mlima unamwonyesha kazi. Wanapofika Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, kichwa kinauma, hasomi. Akishuka anataka mzigo upungue, kitabu kinabaki kwa kijana pamoja na soksi. Karibu kila kitabu huwa na alama mahali mgeni alipoishia, kipande cha tiketi au karatasi ya chokoleti. Na kijana wetu ana tabia ambayo sijaisikia kwa mtu mwingine: anafungua pale pale penye alama na kuanzia hapo. Anataka kujua kwa nini yule aliacha. Ukurasa ukimvutia, anarudi mwanzo. Usipomvutia, anamuunga mkono mgeni na kitabu kinakwenda kwa wapishi.

Tulimcheka. Baadaye nilijaribu na kitabu kimoja kilichokuwa kimenilaza dukani, nikakifungua katikati kama yeye, nikasoma hadi saa sita usiku. Sikitaji, kwa kuwa sijarudi mwanzo na huenda sitarudi.

Kuna rafiki mwingine ambaye hupita mara moja moja na vitabu vya kujitajirisha, vile vinavyouzwa kwenye taa za barabarani na kila stendi ya nchi hii. Tunampokea vizuri. Ila tukimuuliza amefika wapi, anakosa jibu, na kosa si lake. Vitabu vile havina katikati. Ukurasa wa kumi ndio ukurasa wa mia: amka mapema, weka akiba, achana na marafiki wanaokurudisha nyuma. Hilo la mwisho nadhani ndilo linalomfanya apite mara moja moja.

Mwalimu, kwa haki yake, anaupinga msimamo wangu wote. Anasema tunachofanya ni umbeya. Kumsema mtu ambaye habari yake hujaisikia yote ni kumhukumu kabla ya utetezi, na akaniletea Kusadikika ya Shaaban Robert kama ushahidi: Karama, mshtakiwa, angekuwa maiti kama mahakama ingeamua baada ya mashtaka ya Majivuno bila kungoja habari za wajumbe sita anazozisimulia kujitetea. Ni hoja nzito, na ameitumia kwangu kwa raha ya mtu anayeweka kete ya mwisho kwenye bao. Nikamjibu kwamba Karama hakusimulia safari zote sita kwa pumzi moja. Alisimulia mmoja mmoja. Wale waliokuwa wakimsikiliza hawakungoja mjumbe wa sita ndipo wafungue masikio na mioyo yao. Walikuwa wakigeuka kidogo kidogo njiani, na pasipo kugeuka huko utetezi wake usingefika popote. Akasema hilo si jibu. Labda. Lakini nimemwona darasani kwake amebadilisha kitu. Mwanafunzi wake mmoja, alipokuja kutoa kopi, aliniambia kwamba siku hizi Mwalimu huwauliza wamefika ukurasa gani na nani anawaudhi mpaka sasa, kabla hajagusa fani wala maudhui. Sijamwambia kwamba najua.

Suala la kuazimana ndilo lililobaki bila ufumbuzi. Kukopa harusi, kulipa matanga, na kwenye vitabu matanga hudumu miaka. Maktaba ya mkoa tunayo na tunaitumia, duka la vitabu vipya vya fasihi ni la kutafuta, vingine tunaagiza Dar es Salaam vinakuja kwa basi kama mizigo mingine. Kwa hiyo nakala moja huzunguka watu wote, na foleni ya Peponi ilishapangwa: Fundi anataka kumwona Kalasinga kwa macho yake, Sista anamtaka Yusuf amtetee vizuri zaidi, mimi nimesema nitangoja nimalize na Ukerewe.

Meku hakutaka foleni. Jumamosi iliyopita alimwomba Mwalimu ile sehemu ya mlima tu, aisome aamue kesi ya juu au chini, mengine atasimuliwa. Mwalimu alikataa, akasema kitabu hakikatwi vipande, asubiri yeye amalize kwanza. Tukahamia kwenye mambo mengine, Fundi akaeleza sehemu ya ishirini na moja, chai ikaisha. Wakati wa kuagana Mwalimu alitafuta kitabu chake mezani, chini ya meza, kwenye kiti. Akatoka mbio barabarani, daladala ilikuwa imeshaondoka. Amepiga simu mara nyingi. Meku hupokea, humwamkua vizuri, humwuliza hali ya nyumbani, na kumwambia amefika mahali pazuri sana. Kwa hiyo Mwalimu yuko katikati ya Peponi, na Peponi iko Kibosho na kalamu ya risasi.